Shangazi, tuuze miti ya baba nikafundishe Kiingereza China?

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu, binti wa miaka 27, mzaliwa wa Mafinga, ila kwa sasa naishi Mbeya mjini. Nilisomea ualimu Mkwawa pale Iringa, masomo yangu ni Kiingereza na Jiografia. Nilipomaliza nilijitolea kwenye shule ya kata huko nyumbani, nikaenda usaili wa Sekretarieti ya Ajira nikabwagwa, ndipo nikapata kazi kwenye shule ya msingi ya binafsi, hizi za mchepuo wa Kiingereza, huku Uyole. Nafundisha darasa la pili na huu ni mwaka wa pili. Mshahara ni laki nne, tena hautoki mpaka wazazi walipe ada. Nikishalipa chumba, bajaji na kutuma kidogo nyumbani, tarehe 10 naanza kukopa kwa wenzangu ofisini.

Rafiki yangu tuliyekaa naye hosteli yuko China tangu mwaka juzi. Anafundisha Kiingereza watoto wa chekechea. Nikifungua stetasi zake naona vitoto vimemzunguka, madarasa yana runinga ukutani, na yeye anasema analipwa yuan elfu kumi kwa mwezi, ambazo kwa pesa yetu ni kama milioni tatu na nusu. Alisoma kozi ileile niliyosoma mimi, na nisijisifu, darasani nilikuwa namzidi.

Ndiye aliyeniunganisha na wakala aliyempeleka. Wakala anasema ana ofisi Dar, lakini mpaka leo tumeongea kwa simu tu. Anataka milioni saba. Amenitumia mchanganuo: pasipoti laki sita, viza milioni moja na nusu, tiketi milioni mbili na nusu, na zilizobaki ni za uratibu. Nusu itangulie kabla ya mwisho wa mwezi huu, la sivyo nafasi anapewa mtu wa Moshi. Viza nitakayoingia nayo ni ya biashara, halafu nikifika shule itanigeuzia iwe ya kazi. Amenitumia na fomu ya kujaza. Sehemu ya uraia kaniambia niiache wazi, wataijaza wenyewe, kwa kuwa wazazi wa kule wanapenda walimu kutoka Afrika Kusini. Nilipomuuliza rafiki yangu akacheka, akasema hata yeye pale shuleni anaitwa Teacher Lily wa Cape Town na hakuna anayefuatilia. Alisema tena kazi si ngumu, na siku wakaguzi wanapokuja walimu wageni wote hupewa mapumziko.

Shangazi, pesa hiyo sina. Baba ana ekari tatu za misindano alizopanda nilipomaliza kidato cha nne, miti sasa ina miaka tisa. Siku zote amesema hiyo ni ada ya wadogo zangu wawili. Nilipomweleza habari hii hakulala, kesho yake akanipigia kwamba yuko tayari kuuza, nitarudisha nikishaanza kazi. Mnunuzi ameshapita shambani kuangalia.

Kuna na tangazo lingine nimeliona, la Thailand. Wale hawataki hata senti: tiketi juu yao, chumba juu yao, shahada si lazima, mshahara dola elfu moja na mia tano, ukijua Kiingereza na kompyuta inatosha. Najiuliza kama si bora hilo kuliko kuuza miti.

La mwisho, nina mchumba Tunduma, anafanya kazi za uwakala wa forodha. Anasema nikipanda ndege tusahauliane.

Nifanyeje? Naomba usinitaje jina.

Mwalimu wa Darasa la Pili, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwalimu. Kamwene.

Nianze na la haraka kwa kuwa mwisho wa mwezi uko mlangoni. Usitume hata shilingi moja, na mwambie baba amrudishe huyo mnunuzi alikotoka. Tukishakubaliana hapo, mengine tutaongea bila presha.

Sitaki uondoke hapa ukidhani nakukatalia ndoto. Kazi ya kufundisha watoto Kiingereza huko Asia ipo kweli na imewalisha watu wengi. Japan ina mpango wa serikali wa kuleta vijana wa nje wawe walimu wasaidizi mashuleni, JET, ulioanza mwaka 1987 na unaendelea mpaka leo. Korea Kusini wana vituo vya tuisheni wanavyoviita hagwon, na mtoto anayetoka shule jioni anaingia huko badala ya kwenda nyumbani kucheza. Vietnam na Thailand wanatafuta walimu mwaka mzima. Kwa uwezo wa darasani, binti aliyefundisha darasa la pili Uyole karibu miaka miwili, darasa limejaa na kitabu kimoja watoto wanne, hana cha kuogopa kule.

Tatizo ni pasipoti yako. Najua linauma kulisikia, lakini ni bora ulisikie kwangu bure kuliko kulinunua kwa milioni saba.

Korea Kusini viza ya mwalimu wa lugha, inayoitwa E-2, kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo, na hata uwe umeandika vitabu vya Kiingereza haitakusaidia. China nao kanuni yao ya kibali cha kazi inasema mwalimu wa lugha, kimsingi, afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada na uzoefu wa miaka miwili, ingawa aliyesomea ualimu anaweza kusamehewa huo uzoefu. Sasa umeelewa kwa nini wakala wako ana hamu uwe Msauzi. (Kwa kanuni hiyo wewe ungefaa kufundisha Kiswahili, na Beijing wanakifundisha vyuoni tangu miaka ya 1960, ila hivyo ni viti vichache vya wahadhiri, usije ukaacha kazi kwa ajili hiyo.)

Japan wao hawaangalii pasipoti peke yake, wanahesabu miaka. Kufundisha Kiingereza kwenye kampuni au vituo vya lugha, kama si lugha yako ya mama, mara nyingi wanataka uwe umesoma kwa lugha hiyo miaka 12. Hebu tuhesabu. Shule ya msingi ulisoma kwa Kiswahili, kama wengi wetu, hiyo miaka saba haimo. Sekondari minne, kidato cha tano na cha sita miwili, chuo mitatu. Tisa. Wale watoto unaowafundisha sasa hapo Uyole, wakifika umri wako, hesabu yao itatimia. Yako haitimii, na hakuna wakala anayeweza kukuongezea mitatu.

Turudi China, maana ndiko roho yako iliko. Mtu akienda kufanya kazi China kihalali, mambo huanzia kwa mwajiri. Shule, ikiwa ina ruhusa ya kuajiri wageni, inapeleka vyeti vyako serikalini kwao na kupata barua ya kibali cha kazi yenye jina lako. Barua hiyo inakufikia wewe ukiwa bado Mbeya unakula makande. Unaipeleka ubalozi wa China Dar es Salaam, unapewa viza ya Z, ambayo ndiyo ya kazi. Ukishaingia una siku 30 za kuomba hati ya ukaazi. Wewe unaambiwa uanze mwisho ndipo uje mwanzo: panda ndege kwanza na viza ya biashara, kazi itahalalishwa mbele ya safari. Viza ya biashara ni ya mtu anayekwenda kuangalia makontena Guangzhou. Ukishika chaki nayo umevunja sheria siku hiyohiyo, hata kama shule ilikuahidi nini.

Na sheria yao imeandikwa waziwazi. Ni Sheria ya Uingiaji na Utokaji, inayotumika tangu Julai 2013. Mgeni anayefanya kazi bila kibali anatozwa kuanzia yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Akirudishwa kwao anaweza kuzuiwa kuingia tena kwa mwaka mmoja hadi mitano, na akifukuzwa rasmi ni miaka kumi. Mwajiri naye anapigwa faini kwa kila mgeni anayekutwa naye. Kwa hiyo siku polisi wakigonga mlango, usitegemee mkuu wa shule asimame kukutetea. Atasema hakujui.

Hapo ndipo nilipoisoma barua yako mara mbili, kwenye ile sentensi ya mapumziko. Mwalimu, tuongee kikazi. Wathibiti ubora wakija shuleni kwenu, si ndiyo siku unayoamka saa kumi usiku, andalio la somo liko mezani, azimio la kazi limesainiwa, zana zimebandikwa ukutani na watoto wameonywa wasinyanyue pua? Ni shule gani inayompa mwalimu wake mapumziko siku ya ukaguzi? Rafiki yako hapumziki, anafichwa. Amekupa habari yote bila kukusudia, na nadhani na yeye anaijua. Akiumwa, akicheleweshewa mshahara au akipigwa kofi na mzazi, hana pa kushtaki, kwa sababu akienda polisi atakayeulizwa hati wa kwanza ni yeye. Usimchukie. Ila stetasi ya WhatsApp haionyeshi mtu akiwa amejifungia chumbani siku ya ukaguzi.

Kuhusu fomu ya kuacha wazi uraia, hilo hata nisingelijadili. Karatasi yenye sahihi yako na uraia ulioandikwa na mtu mwingine ni kughushi, na anayeghushi kwa mujibu wa karatasi ni mwenye sahihi. Aliyejaza hatakuwepo.

Halafu angalia mchanganuo wenyewe. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na unaombea Uhamiaji mkoani hapohapo Mbeya. Yeye ameandika laki sita. Mtu aliyekuzidishia mara nne kwenye kitu ambacho bei yake imebandikwa hadharani, amekufanyaje kwenye vile usivyojua bei? Msimamo wa Shirika la Kazi Duniani, kwenye Mkataba namba 181 wa mwaka 1997, ni kwamba, kimsingi, wakala asimtoze mfanyakazi. Na hapa kwetu wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni. Mwambie akutumie nakala ya leseni yake na barua ya shule yenye anwani, nawe uende nazo ofisi ya kazi ya mkoa waziangalie. Nabashiri nafasi itapewa mtu wa Moshi jioni hiyohiyo.

Sasa hilo la Thailand, nakuomba usome taratibu. Ukinilazimisha kuchagua kati ya wakala wa milioni saba na hawa wasiotaka hata senti, nitamchagua wa milioni saba. Huyo atakula miti ya baba. Hawa wanaweza kukula wewe.

Miaka hii ya karibuni vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia wameitwa Thailand kwa matangazo ya aina hiyohiyo: kazi ya ofisini, huduma kwa wateja, ualimu, ujue Kiingereza na kompyuta. Wanashuka Bangkok, wanapokelewa vizuri uwanjani, wanapakiwa kwenye gari kuelekea Mae Sot, mji wa mpakani, kisha wanavushwa mto Moei usiku. Ng'ambo ya mto ni Myawaddy, Myanmar. Huko kuna majengo yenye uzio na walinzi wenye silaha, na kazi ni kukaa kwenye kompyuta kutapeli watu wa Ulaya na Marekani kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji hewa. Pasipoti inachukuliwa, asiyefikisha lengo anapigwa, anayetaka kuondoka anaambiwa ajikomboe kwa maelfu ya dola. Serikali ya Kenya ilianza kuwaonya watu wake mwaka 2022, na Februari 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa kwenye majengo hayo. Sasa jiulize ni shule gani ya watoto inayomlipia mtu asiye na shahada tiketi, chumba na dola 1,500, bila kumwona akifundisha hata dakika kumi? Futa hilo tangazo, na kama ulishawatumia picha ya kitambulisho acha kabisa kuwajibu.

Thailand ya halali ipo, na inaanza na maswali mengi. Watataka shahada, viza ya Non-Immigrant B, kibali cha kazi, na ruhusa ya baraza lao la walimu, Khurusapha. Mtu ambaye nchi yake haihesabiwi kuwa ya Kiingereza hudaiwa pia matokeo ya mtihani wa lugha. Wewe una shahada ya ualimu yenyewe, na hapo unawapita Wazungu wengi wanaofika na shahada ya utalii na cheti cha wiki nne. Malipo yao kwa walimu wasiotoka nchi zinazohesabiwa kuwa za Kiingereza mara nyingi ni madogo kuliko ya wenzao wanaofanya kazi ileile kwenye chumba cha jirani. Waalimu wa Kifilipino wamelilalamikia hilo muda mrefu. Ni ubaguzi, na hautaisha kabla ya safari yako.

Kwangu mimi mlango wa kuanzia kuugonga ni Vietnam. Vituo vyao vya lugha vinaruhusiwa kuajiri mgeni ambaye Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa, akiwa na shahada, cheti cha kufundisha lugha, na uthibitisho kwamba Kiingereza chake kimefika ngazi ya juu inayoitwa C1. Kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hiyo ni alama 7 kwenda juu. Mtihani unafanyika Dar es Salaam, matokeo hudumu miaka miwili. Cheti cha kufundisha, wanachokiita TEFL, tafuta cha saa 120, unaweza kukisoma kwa mtandao usiku baada ya kusahihisha madaftari. Vietnam wana ubalozi Dar, kwa hiyo vyeti vyako vitathibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje halafu kwao, bila kulala Nairobi. Ongeza hati ya polisi ya alama za vidole na vipimo vya afya. Mtihani na kozi kwa pamoja havifikii robo ya hizo milioni saba, na hata usipopata kazi Vietnam, vyeti vitabaki na jina lako. Shule nzuri za Dar na Arusha zinavitambua.

Kuna na njia nyingine ambayo vijana hawaioni kwa sababu macho yote yako kwenye Kiingereza. Umesomea Jiografia. Shule za kimataifa huko Asia, China ikiwemo, zinafundisha masomo ya kawaida kwa Kiingereza, na mwalimu wa somo habanwi na ile kanuni ya lugha ya mama. Anatakiwa awe na shahada na uzoefu wa miaka miwili kwenye fani. Wewe unakaribia kuukamilisha, isipokuwa unaukamilishia darasa la pili. Mwombe mwenye shule, kama ana sekondari, akupe vipindi vya Jiografia vya kidato cha kwanza. Na omba barua ya kazi yenye tarehe, mhuri na masomo unayofundisha. Walimu wetu wengi hufanya kazi miaka mitano bila karatasi hata moja inayosema walikuwepo.

Uliniandikia kana kwamba swali pekee ni kufika. Nikuambie kidogo ukishafika. Kufundisha lugha watoto wadogo kule ni kazi ya mwili. Wimbo mmoja utauimba darasa la kwanza mpaka la sita siku hiyohiyo, kwa uso uleule wa furaha. Utanyanyua kadi ya picha ya tembo, utaomba sauti, utacheza, utakaa chini, utasimama. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, ndiye aliyeieneza mbinu hii ya kufundisha lugha kwa amri na vitendo: gusa pua, ruka, funga mlango. Mwalimu husema, mtoto hutenda kabla hajaanza kusema. Wewe unaifanya kila asubuhi kwa watoto wenye baridi ya Uyole ili wapate joto, labda hukujua ina jina. Tofauti ni kwamba kule mzazi amekaa nje ya kioo anaangalia, na mzazi ndiye mteja. Vituo vingi hufanya kazi zaidi jioni na siku za wikendi, watoto wakiwa hawapo shule. Watakushika nywele na kukusugua mkono waone kama rangi inatoka. Mtoto hana neno. Kitakachokukera ni mwajiri anayetaka picha yako kabla ya cheti chako, nao wapo.

Mkataba ukija, soma saa za darasani na saa za kukaa shuleni, maana ni vitu viwili na cha pili ndicho kinachokula maisha. Angalia faini ya kuvunja mkataba, nani analipa kibali, na nyumba kama ni ya kwao ukiacha kazi unalala wapi. Mkataba ukiwa wa lugha mbili, mara nyingi ule wa lugha yao ndio unaoshinda mbele ya sheria, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusomea. Pasipoti wataiomba kwa siku kadhaa za kushughulikia kibali. Baada ya hapo inarudi kwenye mkoba wako.

Kama ulikuwa unawaza kufundisha Wachina kwa mtandao ukiwa kitandani Uyole, hiyo ilibanwa Julai 2021, serikali yao ilipozuia tuisheni za kibiashara za masomo ya shule na kukataza kutumia walimu walioko nje ya nchi. Nchi nyingine bado wapo, malipo ni ya kubahatisha na ushindani ni wa Wafilipino wenye intaneti nzuri kuliko yetu.

Miti sasa. Msindano wa miaka tisa bado unanenepa. Ukiukata leo, mnunuzi atakuambia nusu ya shamba haitoi hata mbao ya 2x4, atakupa bei ya kuni na nguzo za kujengea mabanda, kisha wadogo zako watafika kidato cha tano baba hana kitu. Acha isimame. Miti hiyo ilipandwa kwa jina la watoto wengine, na wewe ndiye dada yao mkubwa. Gharama za IELTS na TEFL zinaweza kutoka kwenye kikoba cha walimu wenzako, mkopo mdogo unaolipika hata kwa laki nne zinazochelewa. Baba mpigie leo jioni. Mshukuru kwanza, kwa kirefu, kwa sababu mzazi wa Mufindi kukubali kuuza miti yake kabla haijakomaa si jambo dogo, na kesho kijijini ataulizwa mnunuzi ameenda wapi.

Bwana wa Tunduma nimemwacha mwisho kwa kuwa hata wewe ulimwacha mwisho. Kuogopa safari ya viza ya biashara, ana haki. Mwonyeshe mpango huu mpya, wenye mkataba, kibali na mwaka mzima wa maandalizi ukiwa bado hapa, usikie atasemaje. Mtu wa forodha anajua tofauti ya mzigo wenye nyaraka na usio na nyaraka. Akisema bado tusahauliane, niandikie tena, hiyo itakuwa barua nyingine.